Mtoto analia akipewa chupa: angalia kwanza kilio kinaanza lini

Ipo simu ambayo mama anayerudi kazini baada ya uzazi huipokea mapema, mara nyingi siku ya kwanza yenyewe. Inaingia saa nne asubuhi, naye yupo kwenye kikao. Dada wa nyumbani anaongea kwa haraka, na nyuma yake mtoto anasikika akilia mpaka sauti inakatika: "Mama, chupa hataki. Nimembeba, nimemwimbia, nimepasha tena maziwa, hataki kabisa." Amekunywa kiasi gani? Kidogo tu, na mengi yameishia kwenye nguo.

Kufika jioni ushauri umeshajaa nyumba. Bibi anasema ni mchango. Jirani anasema ni kimeo. Wifi anataka kopo la maziwa libadilishwe, na kwenye kundi la WhatsApp kuna aliyeshatuma picha ya chupa ya bei ghali ambayo eti haijawahi kukataliwa na mtoto yeyote. Kasoro ya ushauri huu wote ni kwamba kila mtu anatibu kilio kimoja, wakati vilio viko vingi. Mtoto anayepaliwa kwa sababu maziwa yanakuja kwa kasi analia. Anayechoka kuvuta kwa sababu yanakuja kwa kubana analia. Mwenye pua iliyoziba analia, aliyeshiba analia, na aliyewahi kulazimishwa analia hata kabla chupa haijamfikia. Tena dawa ya mmoja humharibia mwingine: yule anayepaliwa ukimpa chuchu yenye tundu kubwa zaidi, umemwongezea adhabu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela dukani, jiulize: kilio kinaanza lini hasa? Kabla chupa haijagusa mdomo, mara tu maziwa ya kwanza yanapoingia, katikati ya kunywa, au mwishoni? Mtu anayemlisha mtoto kila siku anaweza kulijibu swali hilo bila kipimo chochote.

Kalenda mbili zinazogongana

Kuna jambo la umri ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto mchanga hanyonyi kwa kuamua. Ukimgusa shavu anageuza kichwa, ukimwekea kitu mdomoni anavuta; mwili wake umezaliwa ukiijua kazi hiyo. Ndiyo maana mtoto wa wiki mbili hunyonya karibu chochote, hata kidole cha baba yake. Hali hiyo hufifia taratibu, na kufikia kati ya mwezi wa tatu na wa nne kunyonya kunakuwa jambo la hiari. Mtoto sasa anaonja, anapima, na akiona hapana, ni hapana.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Mama anaitwa kazini wiki zilezile ambazo mtoto wake anapata uwezo wa kukataa. Halafu wengi wetu tunasubiri mpaka siku tatu za mwisho za likizo ndipo tunaitoa chupa kabatini, tunaichemsha, na kutegemea mtoto ataishangilia.

Ukijua hili, mpango unabadilika. Mama anayejua kwamba atarudi kazini aanze kumzoesha mtoto chombo kingine mapema kidogo, maziwa ya mama yakishatoka vizuri na mtoto akishajua kunyonya ziwa, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita. Isiwe mlo mzima. Mililita 30 hadi 60 za maziwa yaliyokamuliwa, mara chache kwa wiki, zinatosha kumwambia mtoto kwamba maziwa huweza kuja kwa njia hii pia. Na zitolewe na mtu mwingine, mama akiwa chumba kingine au ametoka kwenda dukani. Mtoto anayesikia harufu ya ziwa hatua mbili kutoka hapo haoni sababu ya kuhangaika na mpira.

Aliyechelewa naye asikate tamaa. Mtoto wa miezi mitatu au minne hujifunza pia, ila anataka siku kadhaa na mlishaji mwenye subira.

Kilio cha kabla na kilio cha sekunde za kwanza

Mtoto akianza kulia kabla ya chupa, swali la kwanza ni njaa imefika wapi. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake mtoto hulamba midomo, hugeuza kichwa huku na huku akitafuta, hula ngumi. Akishafika kwenye kilio cha hasira, hana tena utulivu wa kujifunza kitu kigeni, na chupa inaonekana kama usumbufu juu ya usumbufu. Mtulize kwanza, begani, kwa kutembea naye, kisha jaribu. Usingizi uliopitiliza hufanya vivyo hivyo. Mtoto aliyekaa macho muda mrefu analia kwa kuchoka, mlezi anadhani ni njaa, chupa inakataliwa, na wote wawili wanaingia vitani bila sababu.

Akiupokea mpira vizuri halafu akautema mara tu maziwa ya kwanza yanapofika ulimini, tafuta kwenye maziwa na mdomoni. Joto ni rahisi kulijua: dondosha matone kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Mtoto aliyezoea ziwa amezoea maziwa yenye joto la mwili, na wengine hawakubali yaliyotoka kwenye friji. Pasha kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto. Maikrowevu hupasha bila usawa, chupa ikawa vuguvugu kwa nje huku katikati maziwa yanaunguza.

Ladha ni fumbo kidogo. Maziwa ya mama yana kimeng'enya kiitwacho laipesi, ambacho kazi yake ni kuvunja mafuta. Kwa baadhi ya akina mama laipesi huendelea na kazi hata maziwa yakiwa kwenye friji au friza, na baada ya muda maziwa yanapata harufu ya sabuni. Hayajaharibika na hayana madhara. Lakini kuna watoto wanaoyanywa bila neno na kuna wanaoyatema kwa dharau. Kama unashuku hilo, onja maziwa uliyoyakamua sasa hivi, kisha onja yaliyolala friji siku nzima. Tofauti ikiwa kubwa, dawa ni kuyapasha maziwa mara tu unapoyakamua mpaka viputo vidogo vianze kutokea pembeni mwa sufuria, bila kuyaacha yachemke, uyapoze haraka ndipo uyahifadhi. Ukishayaweka bila kuyapasha, harufu ikishaingia haitoki tena.

Mdomoni, angalia ulimi na upande wa ndani wa mashavu kwenye mwanga mzuri. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa safi ni maziwa. Usiofutika, au unaoacha pawekundu ukiufuta, huenda ni fangasi, na mtoto mwenye fangasi anaumia kila anapovuta. Dawa yake ipo na si ya kutisha, lakini mtibiwe wote wawili, wewe na mtoto, kama ananyonya pia ziwa, maana fangasi huhama kutoka mdomoni kwenda kwenye chuchu ya mama na kurudi. Maumivu ya sikio nayo hujitokeza hivi hivi, kwa sababu kuvuta na kumeza hubadilisha msukumo ndani ya sikio. Na mafua: mtoto mdogo hupumua kwa pua, kwa hiyo pua ikiziba hana namna ya kunyonya na kupumua kwa pamoja. Anavuta mara mbili, anaachia, anahema, analia. Matone machache ya maji ya chumvi ya puani, yanayouzwa famasi, dakika chache kabla ya kulishwa, yanaweza kumaliza ugomvi wote.

Katikati ya chupa ndipo penye mambo

Kilio cha katikati ndicho kinachosumbua wengi zaidi, na sababu yake ya kwanza ni kasi ya maziwa. Ziwa halitoi kwa kasi moja. Mtoto huvuta kidogo kidogo mwanzoni, maziwa yanashuka kwa nguvu kwa muda, yanapungua, mtoto anapumzika, yanashuka tena. Chupa iliyoinamishwa haina mapumziko hayo. Maziwa yanajaa kwenye chuchu na yanaendelea kudondoka hata mtoto akiacha kuvuta, kwa hiyo analazimika kumeza apende asipende, kwa sababu njia nyingine ni kupaliwa.

Mtazame usoni. Mtoto anayezidiwa na kasi hutoa macho, hukunja paji la uso, vidole vya mikono vinatanuka kama anayetaka kushika kitu, maziwa yanachuruzika kwenye pembe ya mdomo, anameza kwa sauti ya "glu, glu" bila kuvuta pumzi, kisha anajinyoosha mgongo na kujitoa kwa nguvu. Wengi huona mgongo huo uliojikunja nyuma wakasema mtoto ana hasira. Anajiokoa.

Mtoto anayebaniwa maziwa ana sura nyingine. Anavuta, anavuta, mashavu yanaingia ndani, chuchu ya mpira inabonyea na kushikana, anaanza kuitafuna, anaiachia kwa kilio kifupi cha kero kisha anairudia mwenyewe. Chupa moja inachukua zaidi ya nusu saa na mtoto analala kabla hajashiba. Huyu ndiye wa kubadilishiwa chuchu. Ujue tu kwamba namba na herufi zilizoandikwa kwenye chuchu hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote: namba 1 ya kampuni hii inaweza kutiririsha kuliko namba 2 ya kampuni ile. Umri ulioandikwa kwenye boksi ni makadirio ya mwuzaji. Tazama mtoto, achana na boksi. Na tafadhali, ule utaratibu wa kupasha sindano moto na kuongeza tundu nyumbani uachwe. Tundu la sindano haliwi na kipimo, mpira hupasuka zaidi kila siku, na kipande kinaweza kukatikia mdomoni mwa mtoto.

Kwa mtoto anayezidiwa, mara nyingi huhitaji kununua kitu. Badilisha mkao. Mkalishe karibu wima mapajani, kichwa na shingo vikiegemea mkono wako, si kulala chali. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa chini na usubiri. Usiisukume. Afungue mdomo, aivute mwenyewe. Ishike chupa ikiwa imelala, karibu sambamba na sakafu, maziwa yafike tu nusu ya chuchu. Kila baada ya mivuto ishirini hivi, au ukiona amekunja uso, inamisha chupa chini maziwa yarudi, chuchu ikibaki mdomoni, apumue. Akianza kuvuta tena, inua. Katikati mhamishie mkono mwingine, kama ambavyo angebadilishiwa ziwa. Mwanzoni dada au bibi ataona unamchelewesha mtoto, maana amezoea kuinamisha chupa mpaka iishe. Kaeni pamoja mara moja, mwonyeshe vile vidole vinavyotanuka na vinavyolegea. Akishaona mwenyewe huhitaji kumweleza tena.

Hapo hapo katikati ndipo hewa inapoleta shida. Mtoto aliyelia sana kabla ya kunywa amemeza hewa, na anayekunywa kwa pupa anaiongeza. Mcheulishe katikati bila kungoja mwisho: begani, au akiwa amekaa na kidevu chake kikiwa mkononi mwako, ukimpapasa mgongo. Asipocheua ndani ya dakika chache, endelea tu. Si kila chupa ina hewa.

Kuhusu mchango, kuna mtoto anayelia kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, chupa iwepo isiwepo, na asubuhi yake yupo anacheka. Daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, na wenzake walilipa hali hiyo kipimo mwaka 1954: kulia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto ambaye vinginevyo ana afya na anakua. Kwa kawaida kilio hiki hufika kileleni karibu na wiki ya sita na kuisha kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kama ugomvi wa chupa unatokea jioni tu na mchana mtoto anakunywa vizuri, chupa haina kosa.

Kilio cha mwishoni, pamoja na maziwa kurudi, huwatisha wazazi kuliko inavyostahili. Mlango wa juu wa tumbo la mtoto bado haujakaza, kwa hiyo maziwa kupanda na kutoka kidogo ni kawaida, na kunaweza kuendelea mwaka mzima. Mtoto anayecheua maziwa, anatabasamu na uzito unapanda ni kazi ya kufua tu. Mshike wima kama nusu saa baada ya kunywa na usimpe zaidi ya anachotaka. Kuongeza uji au nafaka kwenye chupa ili maziwa "yakae tumboni" si jambo la kujiamulia jikoni. Mtoto ambaye kila chupa inamwumiza, ana damu au makamasi kwenye choo, vipele vya ukurutu na uzito usiopanda, huenda mwili wake unakataa protini ya maziwa ya ng'ombe iliyomo kwenye maziwa ya kopo, na hilo linahitaji daktari. Kumhamishia kwenye maziwa ya mbuzi hakusaidii, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Vilevile kuhama kopo moja hadi jingine la aina ileile kila wiki ni kupoteza hela, na hela ya kopo si ndogo.

Kimeo na meno ya plastiki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo chupa iliyokataliwa inapoweza kugeuka msiba. Tanzania, na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, mtoto anayekataa kunyonya, anayekohoa au kutapika, hupelekwa kwa fundi akatwe kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila binadamu anacho, na kwa mtoto mwenye mafua au maambukizi ya koo huweza kuvimba kama sehemu nyingine za koo zinavyovimba. Kukikata hakuondoi mafua, hakubadilishi chuchu, hakupunguzi kasi ya maziwa. Kinachoongezeka ni kidonda kwenye koo la mtoto ambaye tayari alikuwa hanywi vizuri, pamoja na hatari ya kutokwa damu isiyokatika, maambukizi na pepopunda. Watoto wamekufa kwa hili.

Meno ya plastiki ni mkasa wa jamii hiyohiyo. Mzazi anaona uvimbe mweupe kwenye fizi ya mtoto mwenye homa au kuharisha, anaambiwa hayo ni meno mabaya, yanachimbuliwa kwa kitu chenye ncha. Uvimbe ule ni chipukizi la jino la kawaida, mara nyingi lile la chonge, likiwa bado ndani ya fizi. Likichimbuliwa, na meno ya ukubwani yanaweza kuota vibaya au yasiote kabisa.

Kwa nini imani hizi hazifi? Kwa sababu mafua na kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Mtoto akipona siku ya nne, sifa inakwenda kwa fundi. Asiyepona, inasemwa alichelewa kupelekwa. Mimi siwalaumu akina bibi. Walikuwa wanamtafutia mjukuu nafuu wakati kituo cha afya kipo mbali. Lakini leo mtu akikuambia mtoto anayekataa chupa akatwe kitu, jibu ni hapana, hata kama anayesema ni mkubwa wako. Msikilize kwa heshima, kisha mpeleke mtoto kliniki.

Mtoto anayeiogopa chupa

Kuna kilio kimoja kinachotengenezwa na sisi wenyewe. Mtoto alianza kukataa kwa sababu ndogo, labda mafua ya wiki moja. Watu wazima wakaogopa kwamba atakonda. Wakaanza kumshikilia kichwa, kumfuata mdomo na chuchu kila anapogeuka, kumbana pua ili afungue mdomo, kumiminia maziwa anapolia. Mafua yakaisha, mapambano yakabaki. Sasa mtoto akiwekwa kwenye mkao wa kulishwa tu, kabla hajaiona chupa, anaanza kulia. Ana njaa, anaonekana ana njaa, anakunywa mivuto miwili kwa haraka kisha anajitupa nyuma. Cha ajabu, akiwa nusu usingizi anamaliza chupa nzima.

Hilo la mwisho ndilo linaloeleza kila kitu. Mtoto anayeumwa koo au tumbo hawezi kunywa vizuri kwa sababu tu amesinzia. Huyu akisinzia anasahau kuogopa. Familia nyingi hapo hugundua ujanja wa kumlisha usingizini na kubaki nao, mpaka siku mtoto anapokuwa haamki na njaa tena kwa sababu ameshajazwa, akakataa zaidi mchana.

Tiba yake ni kuondoa shinikizo lote, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inamtaka mtu mzima avumilie. Chupa inaletwa, inagusishwa mdomoni, mtoto akigeuza kichwa inaondolewa bila maneno wala kubembeleza. Inajaribiwa tena baadaye kidogo, akikataa mlo huo umeisha, mpaka wakati mwingine. Siku za mwanzo anaweza kunywa pungufu ya kawaida. Kwa hiyo lifanyike mkiwa mmeshaonana na mtoa huduma wa afya, mtoto akiwa hana ugonjwa na uzito wake ukifuatiliwa. Kwa mtoto mdogo sana, au ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umeshaanza kulala, msijaribu peke yenu.

Usawa nao uwepo kwenye kipimo. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, makadirio ya kawaida ni mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 5 ni kama mililita 750 kwa saa 24, ambazo zikigawanywa kwa milo saba ni kama 107 tu kila mara. Bado utamkuta mtu anamlazimisha mtoto huyo amalize 180 kwa sababu chupa imejaa. Anayenyonya ziwa, kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, hutumia kiasi kinachokaribia hicho hicho cha mililita 750 kwa siku bila kupanda sana. Mama akiwa nje kwa muda wa saa kumi, mtoto anahitaji takriban mililita 310 tu. Na wapo wanaokunywa nusu yake mchana, kisha wanalipiza usiku kucha kwenye ziwa. Inachosha, lakini mtoto hajapungukiwa. Hesabu siku nzima, hesabu nepi: sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24 zinaeleza mengi kuliko alama zilizo ubavuni mwa chupa.

Kikombe

Kwenye vituo vyetu vya afya wauguzi hawapendi chupa, na wana sababu. Chuchu na shingo ya chupa ni vigumu kusafisha, maziwa yanabaki kwenye mikunjo, na mahali ambapo maji ni ya ndoo hilo linaleta kuharisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye ziwa pekee miezi sita ya kwanza, na pale maziwa yaliyokamuliwa yanapohitajika, kikombe ni njia inayokubalika hata kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Nashangaa jinsi familia zinavyopigana na chupa wiki tatu bila kufikiria kikombe kilichopo kabatini. Chukua kikombe kidogo chenye ukingo laini, kisichofunikwa. Mkalishe mtoto wima, mikono yake ifungwe kwa kanga ili asikipige. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse midomo, uishie hapo. Mdogo atayalamba kwa ulimi kama paka, mkubwa kidogo atayafyonza. Usimimine. Yatamwagika mengi siku mbili za mwanzo, kwa hiyo anza na kiasi kidogo. Kwa mtoto aliyekwishaichukia chupa, kikombe kina faida ya pekee: hakimkumbushi ugomvi wowote.

Ukiwa na kazi karibu na nyumbani, ipo njia nyingine ambayo waajiri hawaitangazi. Sheria ileile ya 2004 ya Tanzania inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mwingine huzitumia kuchelewa kufika na kuwahi kuondoka. Milo ya chupa inapungua kwa mmoja au miwili.

Maziwa yenyewe yatunzwe. Yaliyokamuliwa hukaa mezani kwa muda usiozidi saa nne kwenye chumba cha nyuzi 25, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hakifikii ubaridi huo, kwa hiyo yaende moja kwa moja kwenye friji au kwenye kibebeo chenye barafu. Friji huyahifadhi hadi siku nne, umeme ukiwepo. Ya kopo yachanganywe na maji yaliyochemshwa yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe, na kijiko kiwe cha msawazo kama kopo linavyoelekeza. Kuyafanya mazito ili ashibe, au mepesi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, vyote vinamdhuru.

Siku ya kutosubiri

Mtoto asiyeweza kunywa kabisa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea na haamki vizuri, aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, na mtoto yeyote mwenye utosi ulioingia ndani, nepi kavu kwa saa nyingi, au matapishi ya kijani. Mtoto wa wiki chache anayetapika kwa kurusha mbali kila baada ya kunywa, kisha anataka tena, huenda njia ya kutoka tumboni imebana na anahitaji upasuaji. Na yule anayetoka jasho kichwani, anahema kwa kasi na midomo kubadilika rangi kila anaponyonya, achunguzwe moyo.

Kwa wengine wote ambao hawana dharura, kliniki ya mtoto ndiyo mahali pake, lakini usiende mikono mitupu. Beba chupa na chuchu unayotumia, kopo kama ni maziwa ya kopo, na kadi. Nenda na anayemlisha mchana, awe dada au bibi, kwa sababu ndiye anayejua kilio kinaanza lini. Fika mtoto akiwa anakaribia saa yake ya kunywa, umwombe mwuguzi amtazame akilishwa mbele yake.